Mwaka wa Likelemba ya Vidonge

Taarifa ya kifo cha Mama Nsimire ilinikuta nachambua maharage uani kwangu, Giheta, na nakiri kwamba niliyamaliza maharage yale kabla ya kulia. Ndivyo nilivyo. Machozi yangu huchelewa, na yakija hayaulizi niko wapi. Kesho yake asubuhi nilikuwa Gitega, kwenye nyumba ya msiba, nimekaa mkekani pamoja na wanawake wa sokoni waliokuwa wakimsifu marehemu kwa mambo waliyoyajua wao: namna alivyokunja vitenge, namna alivyoimba sauti ya pili kanisani, namna alivyokataa katakata kumuuzia mteja kitambaa kinachochuja rangi. Wote walisema kweli. Lakini mimi nilimjua Mama Nsimire mwingine, wa kabla ya vitenge, wa kule kambini Muyinga, na kadiri walivyoendelea kusema ndivyo nilivyozidi kurudi kwenye mwaka ule mmoja tuliokaa pamoja huko. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilijiona najua kila kitu.

Kazi kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi wa Kongo niliipata kwa sababu moja tu: Kiswahili. Sisi Warundi tuliokulia Tanzania tulirudi nyumbani na lugha hiyo mdomoni, na mwanzoni haikutusaidia kitu zaidi ya kuchekwa. Kumbe ilikuwa inanisubiri kambini. Daktari wa pale, Dokta Aniseti, mtoto wa wakulima wa Nyarusange, alikuwa na Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Basi asubuhi nilikaa pembeni yake nikitafsiri, na mchana nilisimama kwenye dirisha la dawa nikimweleza kila mtu namna ya kumeza. Asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja, mpaka viishe, hata kama umepona. Nilisema maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba masikio yangu mwenyewe yaliacha kuyasikia. Wakongomani walinicheka. Walisema naongea kama redio inayosoma matangazo ya vifo, na foleni nzima ilikuwa ikinisubiri nifungue mdomo ili wapate la kuchekea.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Nsimire. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mnene wa mikono, mwenye mwanya, kutoka milima ya Kivu ya Kusini. Siku moja alinisubiri hadi nikafunga dirisha, akasema mtu anayesema sana namna ile lazima ana njaa, akanichukua kwenda kwake. Chumba chake nakikumbuka kuliko chumba changu nilichopanga karibu na soko la Muyinga. Kuta za udongo alizozisiriba kwa mikono yake, paa la turubai lililofanya kila kitu ndani kiwe na mwanga wa kibuluu, kitanda kimoja cha miti, mafiga matatu nje ya mlango. Alipika sombe, yaani kisamvu, na ndagala, wale dagaa wakavu, na bugali mgumu wa muhogo ambao niliutazama kwa mashaka kwa sababu nilizoea wa mahindi. Tulikula wanawake watano kwenye sahani moja. Walizungumza juu yangu mbele yangu, kama niko na siko: huyu amekonda, huyu ana bwana huko Giheta ama hana, huyu anajua kuhesabu vidonge lakini bugali anaumega kama mtoto. Sijawahi kutaniwa kwa upendo namna ile. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, na baada ya mwezi mmoja hakuna aliyeuliza tena kama nitakula.

Kwenye boriti ya paa, juu ya kitanda, lilikaa kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kipande cha kitenge. Nilidhani ni chumvi. Siku moja mwanamke jirani aliingia na mtoto mwenye homa, Mama Nsimire akalishusha, akalifungua, na ndani nikaona vidonge. Vyeupe, vya manjano, vya waridi, na vile vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi, ambavyo watu wote wa kambi walivipenda kwa sababu ya uzuri wake. Alichagua kwa macho, kama mtu anayechagua shanga, akampa mama wa mtoto vinne. Mimi, mwanamke wa dirishani, nilikaa pale nimeshika tonge mkononi. Ndipo waliponieleza. Ilikuwa likelemba. Wale ambao hawajui, likelemba ndiyo ile tunayoiita mchezo sisi wa Tanzania, na Warundi huiita ikirimba: wanawake wanachangia, na kila mmoja hupokea zamu yake ikifika. Wenzake Mama Nsimire walikuwa kumi. Badala ya kuchangia pesa, ambayo hakuna aliyekuwa nayo, walichangia dawa. Aliyepewa vidonge dirishani kwangu alimeza vya siku mbili, akipata nafuu alileta vilivyobaki kwenye kopo. Akiugua mwingine, kopo lilimtazama.

Nilijaribu kusema lile somo langu la kila siku. Mama Nsimire alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu, kisha akanijibu taratibu. "Mwana, siye tulitoka kwetu na mikono mitupu. Pale vita ilifika, dawa ndo ilipotea ya kwanza, mbele ya chumvi. Sasa we unataka mi nimeze yote peke yangu, na mutoto wa jirani analia? Dawa haiko ya mutu moja." Nililimeza lile tonge. Hata leo, nikiyarudia maneno yale, naona yana uzito wa haki ndani yake, na hilo ndilo linalonitisha. Walikuwa hawaibi. Walikuwa hawauzi. Kosa lao lilitoka mahali pazuri kuliko mahali pote ndani ya mtu.

Na mimi nikajiunga. Hilo sikulisema kwa mtu kwa muda mrefu, basi nilisemee hapa. Kwenye msimu wa mvua koo langu lilivimba, Dokta Aniseti akaniandikia dawa za siku saba, na siku ya tatu nikawa nameza mate bila maumivu. Nilizitazama zile rangi mbili zilizobaki kwenye karatasi. Nilifikiria sahani ile moja, na ule utani, na jinsi nilivyokuwa mgeni kila mahali tangu turudi kutoka Tanzania. Nikazipeleka. Wanawake walipiga makofi, mmoja akapiga kigelegele, Mama Nsimire akanikumbatia na kusema sasa we iko mutoto wetu kabisa. Kesho yake nilisimama dirishani nikawaambia watu wamalize vidonge vyao, na wale kumi waliokuwa kwenye foleni wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Na mimi nikacheka nao.

Nsimire mwenyewe, yule binti ambaye mama yake alibeba jina lake, alikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi mitano. Mume wake alikuwa ametoka kambini kutafuta kibarua. Alikuwa msichana mkimya, mwenye aibu ya kupitiliza, na aibu hiyo nusura imuue. Alianza kusikia moto akienda haja ndogo. Kwenda kwa Dokta Aniseti kusema jambo kama hilo mbele ya mwanaume, tena kupitia kinywa changu, alikataa kabisa. Mama yake akashusha kopo. Rangi mbili nne, siku mbili, moto ukazimika. Baada ya wiki tatu ukarudi, akapewa vyeupe. Ukazimika. Ukarudi tena, na safari hiyo nilikuwepo, nimekaa pale pale kitandani, naona Mama Nsimire anachambua kopo akitafuta tena zile rangi mbili za mara ya kwanza. Alimpa zile zangu. Nilizitambua kwa karatasi yake. Nilijisikia fahari, Mungu anisamehe.

Baada ya mwezi walimleta zahanati wamembeba kwenye ngobyi, ile machela ya kienyeji ya kubebea wagonjwa na wafu. Alikuwa anatetemeka hadi meno yanagongana, ameshika kiuno, midomo imekauka. Dokta Aniseti alimpima, akageuka kwangu, akaniagiza nimuulize mama kama binti amemeza dawa yoyote miezi ile ya karibuni. Niliuliza. Mama Nsimire alinitazama machoni. Kambini kulikuwa na uvumi kwamba atakayekutwa na dawa nyumbani ataambiwa anafanya biashara, na karatasi yake ya chakula itachukuliwa; na nyuma yake walikuwa wanawake kumi na watoto wao. Akasema hapana, hajameza kitu. Macho yake yaliniambia mengine. Nami nikageuka kwa daktari nikatafsiri. Nilisema hapana. Nilitafsiri vizuri, neno kwa neno, na ulikuwa uongo wangu kama ulivyokuwa wake, kwa sababu nilijua kama neno lile likifunguka, jina langu litatoka pamoja na kopo, na kazi yangu itaisha.

Daktari akaanza na dawa ya kawaida, ile ambayo mtu asiyewahi kumeza kitu ingemtosha. Siku ya kwanza homa haikushuka. Siku ya pili Nsimire alianza kuongea na watu ambao hawakuwepo, akiwaita kwa majina ya kwao. Nilisikia wauguzi wawili wakisemezana uani kwamba mtoto bado anacheza tumboni, lakini mama yake anakwenda. Nilikuwa nimeshika beseni la maji. Niliweka beseni chini, nikaingia kwenye chumba cha daktari bila kubisha hodi, nikasema yote: kopo, likelemba, rangi mbili, vyeupe, mara tatu, na kwamba za mwisho zilikuwa zangu. Nilisema kwa Kirundi, kwa haraka, nikiwa nimesimama. Nilitegemea anifukuze. Aliniambia tu nimletee lile kopo.

Nilikwenda kwa Mama Nsimire, aliyekuwa amekaa chini kando ya kitanda cha mwanawe. Nilimwambia nimesema. Sikujua angenifanya nini. Aliinuka, akaenda hadi kwake, akarudi na kopo limefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga, akaingia nalo mwenyewe kwa daktari. Dokta Aniseti alilimwaga juu ya karatasi nyeupe. Kulikuwa na dawa za aina tisa, nyingine zimebadilika rangi, nyingine za kutoka Kongo, zilizovuka mpaka kwenye sidiria za wanawake. Alizipanga kwa aina na kuandika kila ambayo Nsimire alikuwa amemeza. Halafu akatueleza, na mimi nikatafsiri, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilisikia nilichokuwa nikikisema mwaka mzima. Alisema kule kwao Nyarusange kuna gugu linaitwa urwiri. Ukilikata juu kwa jembe shamba linapendeza, unakwenda nyumbani umefurahi. Mizizi iliyobaki ndiyo ile migumu, na hiyo ndiyo inayoota. Ukikata tena juu, unazidi kubakiwa na migumu mitupu, mpaka siku unakuta shamba lote ni urwiri na jembe lako halifai. Vidonge viwili, vidonge vinne, alisema, ni kukata juu. Wadudu dhaifu walikufa. Nsimire alikuwa amebaki na wale wengine, na hakujua tena ni jembe gani litakalowafaa. Mama Nsimire aliuliza swali moja tu: kuna mahali wanaweza kujua? Daktari akasema Gitega.

Tukaenda Gitega na gari la zahanati siku hiyo hiyo, kupitia Karusi, Nsimire amelala, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, mimi nimeshika chupa ya maji ya dripu juu mpaka mkono ukafa ganzi. Hospitalini walimpokea, wakachukua mkojo, wakasema tusubiri, kwa sababu wadudu wanahitaji muda wa kuota. Wakati huo huo walimwanzishia sindano waliyoibahatisha kutokana na orodha ya Dokta Aniseti, ambayo haikuwa na jina la dawa ile. Tulisubiri siku mbili. Jikoni kwa nyuma, mahali ambapo ndugu wa wagonjwa hupikia, Mama Nsimire aliomba sufuria, akapika uji ambao mwanawe hakuunywa, akaunywesha wagonjwa wa vitanda jirani. Hata pale hakuweza kushika kitu peke yake.

Asubuhi ya tatu mzee wa maabara, jina lake Tarsisi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitoka akaniuliza kama mimi ndiye mkalimani wa yule Mkongomani, na kama ningependa kuona. Sijui kwa nini aliniuliza. Nafikiri alikuwa mtu mpweke aliyependa kazi yake. Chumba kilikuwa kidogo, kimepakwa chokaa, kina harufu ya spiriti na kitu kingine kama mkate uliochacha. Alinipa kisahani cha duara chenye kifuniko, kinachopitisha mwanga. Ndani kulikuwa na kitu kama jeli, rangi ya chai ya rangi, na juu yake utando mweupe uliotanda kote. Hao, alisema, ndio waliokuwa ndani ya Nsimire. Juu ya utando alikuwa amepanga viduara sita vya karatasi, vidogo kama vile vinavyodondoka mtu akitoboa karatasi za ofisi, na kila kimoja kilikuwa kimelowekwa dawa moja na kuandikwa herufi zake. Nilizisoma. Tano zilikuwa dawa zangu. Zilikuwa zile nilizokuwa nazitoa dirishani, asubuhi, mchana na jioni.

Utando ule ulikuwa umeota hadi ukingoni mwa karatasi. Ulikuwa umeifikia dawa na kuigusa, na hata kuipanda, bila kujali. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Kisha ile ya sita: kuizunguka kulikuwa na duara safi, tupu, linalong'aa, upana wa ukucha wangu wa kidole gumba, mahali ambapo hakuna kilichothubutu kuota. Ile ndiyo sindano aliyokuwa akidungwa tangu tufike. Mzee Tarsisi alisema, kwa sauti ya chini kama yuko kanisani, kwamba maisha ya binti yule yote yamo ndani ya duara lile. Mimi nilikuwa nimepigwa na bumbuazi. Viumbe visivyo na jicho wala sikio, ambavyo elfu ngapi sijui vingekaa kwenye ncha ya sindano, vilikuwa vimejifunza. Vilikuwa vimekutana na rangi mbili zangu tumboni mwa msichana niliyempenda, vikazichunguza, vikaishi. Nimeshaona milima, nimeona ziwa Tanganyika likichafuka, nimejifungua watoto wanne. Hakuna kilichonifanya nijione mdogo kama kile kisahani. Nilimrudishia kwa mikono miwili.

Siku ya nne homa ilishuka, ya tano Nsimire akaketi na kudai ndagala. Sindano zilikuwa bado siku tano. Kitanda cha pili alikuwa amelazwa bibi mmoja mkulima wa Bukirasazi, jina lake Mariyana, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, naye alikuwa anatetemeka vile vile, ameshika kiuno vile vile, na usiku mzima alikuwa akimwita Imana, Mungu wa Warundi. Nsimire alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mama yake, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba yeye sasa amepona, na kwamba zile sindano zilizobaki wampe bibi. Alisema kama mtu anayeomba jambo la kawaida, na kwao lilikuwa jambo la kawaida. Nikaona uso wa Mama Nsimire unavyobadilika. Nadhani ni wakati ule ndipo alipoona, kwa kinywa cha mwanawe, lile kopo lote.

"Hapana," alisema. "Ile sindano iko yako mpaka ya mwisho. Ni mi nilikufundisha kugawa, na leo ni mi nakukataza."

Akakaa chini sakafuni, katikati ya vitanda viwili, mgongo wake kwa bibi, akalia. Sijawahi kuona mtu akifanya jambo gumu kuliko lile. Kumnyima mgonjwa anayekutazama, wewe uliyeishi kwa kugawa. Na bibi mwenyewe hakuelewa kilichosemwa, alidhani mama yule wa kigeni anamlilia yeye, akanyoosha mkono akamgusa bega kumshukuru. Mama Nsimire alifuta uso, akainuka, akanishika mkono akasema twende. Alinipeleka hadi kwenye mlango wa maabara. Alitaka nimwambie Mzee Tarsisi kwamba bibi naye apewe kisahani chake. Mzee akasema mpaka daktari wa wodi aandike. Tukamtafuta daktari wa wodi. Alikuwa na haraka. Mama Nsimire hakuwa na haraka. Alisimama mbele yake na kitenge chake kimoja na maneno yake ya Kivu ambayo nilikuwa nayageuza Kirundi mbiombio, mpaka yule daktari akaandika, nafikiri ili apate njia ya kupita.

Baada ya siku mbili Mzee Tarsisi alituita sote wawili. Kisahani cha bibi kilikuwa kimejaa maduara. Kila karatasi ilikuwa na uwanja wake mpana, na dawa iliyosafisha kuliko zote ilikuwa kile kidonge cha bei rahisi kuliko vyote, cha zamani, ambacho wadudu wa Nsimire walikuwa wamekipanda kama mkeka. Bibi Mariyana alikuwa hajawahi kumeza dawa ya hospitali maishani mwake. Mzee Tarsisi alicheka mpaka akavua miwani. Alisema wadudu wa bibi ni washamba kama bibi mwenyewe, hawajawahi kuona kitu. Mama Nsimire alishika kile kisahani akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba sindano ya Nsimire ingepotea bure kwa bibi, wakati kidonge cha kawaida kinamtosha. Nikamwambia ni kweli. Akasema Mungu ana kazi nyingi. Bibi alirudi Bukirasazi kwa miguu yake kabla yetu.

Tuliporudi Muyinga, Nsimire akiwa amemaliza sindano ya mwisho na tumbo lake likiwa mbele, Mama Nsimire aliwaita wale kumi. Nilikuwepo. Hakuwahubiria. Aliwasimulia vile visahani viwili, kwa mikono, akichora maduara kwenye udongo wa sakafu, na wanawake waliinama kuyatazama kama yapo kweli. Mmoja alianza kulia, kwa sababu alimkumbuka mtoto wake aliyerudiwa na homa mara tatu. Ndipo Mama Nsimire akasema likelemba haifi, inabadilika. Kuanzia siku hiyo, mwanamke akipewa dawa, wenzake wanapokezana zamu ya kwenda kwake asubuhi, mchana na jioni, kumwangalia akimeza, mpaka karatasi iwe tupu. Walichangia miguu badala ya vidonge. Nimefanya kazi ya dirishani miaka zaidi ya ishirini tangu hapo, nimehudhuria semina, nimebeba mabango, na sijaona kitu kilichopangwa vizuri kama kile. Dokta Aniseti hakunifukuza. Adhabu yangu ilikuwa kusimama dirishani na kusimulia habari yangu mwenyewe, na nilipoisimulia hakuna aliyecheka. Nsimire alijifungua msichana, Neema, kabla mwaka haujaisha.

Neema huyo ndiye aliyekuwa akimimina chai siku ya msiba. Nilikuwa namtazama anavyopita na birika, mwanamke mzima sasa, nikifikiria kwamba vijana wa maabara za siku hizi wakati mwingine hunionyesha visahani visivyo na duara hata moja, na kwamba kila nikiona kimoja mwili wangu hupoa. Ndipo Nsimire alipokuja kunigusa bega, akaniita chumbani kwa marehemu, akafunga mlango. Kitanda kilikuwa kimeshatolewa godoro. Nilidhani anataka kunipa kitenge cha kumbukumbu. Alitoa mfukoni karatasi ya vidonge. Mama yake alikuwa ameandikiwa dawa za kifua za siku saba, na alikuwa amefariki siku ya tano. Vilikuwa vimebaki vinne. Tangu asubuhi jirani mmoja mwenye kikohozi alikuwa akiviulizia, kwa heshima, akisema marehemu hawezi kuvihitaji tena. Nsimire alivishika kama vinamchoma. Macho yake yalikuwa ya yule msichana wa kambini, yamejaa aibu.

"Dada Konso," aliniambia kwa kunong'ona, "Mama hakumaliza."

Machozi yangu yaliyochelewa yakaja hapo hapo, pamoja na kicheko, nikamshika, tukalia tukiwa tumeegemea ukuta. Halafu tukajifunga vitenge vyetu vya msiba vizuri, tukamwita yule jirani mwenye kikohozi, tukamchukua katikati yetu, tukaenda naye hadi kituo cha afya. Yeye alikaa kwenye benchi kusubiri kupimwa. Sisi tulikwenda dirishani, Nsimire akapitisha vile vidonge vinne chini ya kioo, akasema tumekuja kuvirudisha. Mhudumu alisoma jina kwenye karatasi, akakunja uso, akauliza kwa ukali, kama nilivyokuwa nikiuliza mimi, kwa nini mgonjwa hakumaliza dawa.

"Amekufa," Nsimire alisema. "Angekuwa muzima, angemaliza."